Si kwa Matumizi ya Binadamu

Wanafunzi walimwita Madam Baiolojia. Sisi walimu tulifupisha tukabaki na Madam tu, na ingawa shule yetu pale Kibondo ilikuwa na madam wengine, mimi nikiwemo, ukitamka neno hilo peke yake kila mtu alijua unamzungumzia nani. Jina lake nitaliacha. Angelikuta limeandikwa mahali, angeanza kwa kutafuta kosa la tahajia.

Alikuwa mwepesi wa kusahihisha. Mimi ni mtu wa Handeni, Kiswahili nimekinyonya, na ndicho nilichopelekwa Kibondo kufundisha. Siku niliyoripoti nilisema ofisini kwamba nimechoka, nimekaa kwenye basi masaa mengi. Akainua macho kutoka kwenye rundo la madaftari.

"Saa," alisema. "Saa nyingi. Mwalimu wa Kiswahili mzima!"

Wenzetu walicheka. Nilikuwa bado natafuta pa kuuficha uso wangu alipofungua mkoba, akatoa karanga za kuchemsha zilizofungwa kwenye karatasi, akanimiminia mkononi. Ndivyo alivyokuwa. Alikukwaruza, kisha akakulisha, na hakuona ajabu yoyote katika hilo.

Kiswahili chake kilinyooka kama cha msomaji wa taarifa ya habari. Watu wa huko wakizungumza Kiswahili unasikia Kiha kinapita chini yake, sauti inapanda na kushuka kama barabara zao za milimani. Cha kwake hakikuwa na mlima wala bonde. Sokoni wanawake walimwita, "Madam, njoo uchukue lengalenga," naye aliinama kuyachagua majani yale huku akisema, "Nipe mchicha wa kutosha." Walikuwa wanasema kitu kilekile, lakini sikumsikia hata mara moja akikiita kama wao walivyokiita. Ukimuuliza kwao ni wapi alijibu, "Nimekulia huku na huku." Nilijiambia ni wa Dar es Salaam, labda wa Zanzibar, na kwamba haoni sababu ya kueleza.

Nyumba zetu za walimu zilikuwa zimeungana, ukuta mmoja katikati. Kwa hiyo nilimjua kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Aliamka mapema akanawa mikono hadi kwenye viwiko, maji yakimwagika kwenye beseni kwa muda mrefu. Ugali wa muhogo na samaki wa migebuka aliupenda sana, ila aliula kwa kijiko. Nilipomuuliza sababu alisema vidole vyake vimeshika vitu vingi maishani. Kanisani alikwenda, akakaa benchi la nyuma, na hakuimba. Na mwishoni mwa kila mwezi alisafiri kwenda Kasulu, kwa ndugu wa kanisani, hivyo ndivyo alivyosema, akarudi Jumapili jioni amenyamaza kuliko alivyoondoka.

Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mtafiti. Alifanya kazi miaka mingi katika maabara ya nchi moja ya baridi, na kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza kimeng'enya kimoja cha mwili wa binadamu. Kwa nini aliiacha, kila mtu alipewa jibu lake. Mkuu wa shule aliambiwa ni mambo ya familia. Wanafunzi waliambiwa baridi ilimshinda. Mimi nilipouliza alisema, "Nilianza kuota kwa lugha yao. Nikaona nirudi."

Somo lake la kimeng'enya kile nililisikiliza zaidi ya mara moja, kwa sababu kipindi changu kilifuata chake na nilizoea kuwahi na kukaa nyuma ya darasa. Aliwaambia wanafunzi wafikirie ghala la maharage pale Kasulu. Kuna kibarua mmoja ambaye kazi yake si kupakia wala kupakua. Ameshika kopo la rangi na brashi. Anapita kwenye magunia, anapaka alama hapa, anaacha pale. Maharage yaliyomo hayabadiliki hata chembe. Lakini gunia lenye alama linakwenda Kigoma, lisilo na alama linabaki ghalani, na kila anayelishika baada ya hapo anafuata ile alama.

"Kimeng'enya hiki ndiye yule kibarua," alisema. "Magunia ni protini. Rangi yake ni kitu kidogo sana, kaboni moja na hidrojeni zake. Anakipachika kwenye protini, basi. Jeni fulani inafungwa, nyingine inafunguliwa. Seli inajua ikue au itulie."

Msichana mmoja akauliza, "Madam, na huyo kibarua akilewa? Akipaka kila gunia?"

Akamgeukia. "Hapo ndipo mtu anapougua. Saratani nyingine ziko hivyo. Alama zimezidi, na seli haijui tena kutulia. Ndiyo maana tulikitengeneza nje ya mwili, kwenye vichupa, tukijue vizuri, tutafute cha kumzuia huyo mlevi."

Alipoondoka kule baridi alikuja na kichupa kimoja, kidogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho, chenye kimeng'enya kile alichokitengeneza kwa mkono wake. Kilikaa kwenye friji ya maabara ya shule, ndani ya kikopo, nyuma ya chupa za kemikali. Kimeng'enya cha namna ile kinataka baridi kali kuliko friji yoyote ya Kibondo, na umeme wetu ulikuwa unakwenda na kurudi unavyotaka.

"Si kitaharibika?" nilimuuliza.

"Kimeharibika tangu uwanja wa ndege."

"Sasa unakiweka baridi kwa ajili ya nini?"

"Na wewe picha ya marehemu baba yako umeitundika ukutani kwa ajili ya nini?"

Alikuwa akiwaonyesha wanafunzi kichupa kile kila mwaka, mara moja tu, akikishika kwa kibano. Maneno yakatoka nje ya geti yakiwa yamevaa nguo nyingine. Kwamba shuleni kuna kitu cha mtu kimehifadhiwa kwenye friji. Mkuu wa shule, mtu mwoga na mwenye roho nzuri, alimwita ofisini tukiwa tunakunywa chai.

"Madam, ni kweli kuna kitu cha binadamu kwenye friji ya shule?"

"Ni kweli, mkuu."

"Binadamu gani?"

"Hakuna. Jeni ni ya binadamu, ila zilizokitengeneza ni seli za nondo. Tuliziingizia ile jeni, zikatufanyia kazi."

"Nondo hizi za ujenzi?"

"Nondo mdudu, mkuu. Anayezunguka taa."

Mkuu alikoroga chai yake kwa muda. "Basi wazazi usiwaambie habari za nondo," alisema.

Tulicheka mpaka machozi siku ile, na Madam alicheka kuliko sote. Nalikumbuka lile cheko kwa sababu sikulisikia tena miaka mingi.

*

Baba mmoja alikuja asubuhi, msimu ambao barabara zote za Kibondo zinanuka muhogo ulioanikwa. Alikuwa mkulima wa Kumsenga. Watu wake walikimbilia upande huu kutoka Burundi zamani, wakalima, wakapata uraia, na yeye alikuwa akileta asali na muhogo mkavu sokoni. Mpwa wake alikuwa kidato cha tatu kwetu. Binti huyo alisimulia nyumbani kwamba Madam ana kichupa kinachohusu ugonjwa wa uvimbe.

Niliwakuta mlangoni mwa maabara, nimekwenda kuomba chaki. Baba alikuwa amevua kofia. Nyuma yake, kwenye ngazi, alikaa mtoto wa kike ambaye bado hajaanza shule, amefungwa kitenge cha njano kuanzia kidevuni hadi utosini, kama anayeumwa jino. Upande mmoja wa kitenge ulikuwa umejaa.

"Shikamoo, Madam," alisema baba. "Nimesikia uko na umuti." Akajisahihisha haraka. "Dawa. Uko na dawa ya mutoto."

Madam alikuwa akimtazama mtoto. Alikwenda akachuchumaa mbele yake, akakishusha kile kitenge taratibu kwa vidole viwili, akaangalia taya, akakipandisha. Uvimbe ule aliujua, saratani ya watoto. Alikuwa ameufanyia kazi nusu ya maisha yake bila kuugusa shavuni mwa mtoto.

"Hii si dawa," alisema.

"Mpwa wangu ameiona kwa macho."

Akaingia ndani, akarudi na kikopo, akatoa kichupa ili amwonyeshe. Nadhani alitaka kumaliza ubishi. Ndani maabara ilikuwa imejaa watahiniwa wa kidato cha nne, mtihani wa vitendo unakaribia kuanza, na msimamizi alikuwa akimwita kwa jina. Akasoma kibandiko, akikitafsiri kadiri anavyosoma, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka.

"Imeandikwa hapa. Kwa utafiti wa maabara tu. Si kwa matumizi ya binadamu."

Baba alikitazama kichupa, kisha akamtazama yeye.

"Kwa hiyo sisi si binadamu?"

"Sikusema hivyo. Nimekusomea kilichoandikwa."

"Aliyeandika, anatujua sisi?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Msimamizi akaita tena. Madam akasema harakaharaka, "Nisubirini hapo nje. Nikimaliza mtihani tutakwenda hospitali pamoja, huyu anatakiwa hospitali leo leo." Akaingia, mlango ukafungwa.

Nje. Mtu aliyezungushwa kwenye ofisi maisha yake yote analijua neno hilo. Nilimwona akivaa kofia, akamwinua binti yake mgongoni. Niliwaambia wasubiri, akanijibu, "Asante, mwalimu," akaendelea kutembea. Mtihani ulipokwisha Madam alitoka mbio na koti lake jeupe mpaka getini, akaangalia barabara pande zote mbili.

Mchana uleule alipanda bodaboda hadi Kumsenga. Alirudi ana vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

"Nimemkuta bibi wa mtoto peke yake," aliniambia. "Nimemuuliza wamekwenda wapi, anatikisa kichwa. Hajui Kiswahili."

"Ungetafuta jirani atafsiri."

"Ndiyo," alisema. "Ningetafuta."

Baadaye tulijua kwamba walikwenda kwa mganga wa miti shamba, mbali, upande wa mpakani. Madam alituma ujumbe kwa mpwa, akatuma kwa mchungaji, akarudi Kumsenga tena na tena. Mtoto alipoletwa hospitali mvua zilikuwa zimeanza, na lile jicho la upande wa uvimbe lilikuwa limefungwa. Madaktari walisema apelekwe Mwanza bila kuchelewa. Alifariki njiani, kabla hawajafika Nyakanazi, mgongoni mwa mama yake, na mama hakujua mpaka gari liliposimama.

Ugonjwa ule una dawa. Hilo ndilo Madam alilokuwa akinieleza jikoni kwangu, mara nyingi mno, maneno yaleyale. Dawa za kawaida, za siku nyingi, hospitali kubwa wanazo. Mtoto akiwahishwa, uvimbe unayeyuka, anarudi nyumbani anacheza.

"Na kile kichupa," alisema, "unajua ndani mna nini? Mna yule yule kibarua mlevi. Alikuwa ananiomba nimpe mwanawe kitu kinachomuua. Nilitakiwa kumwambia hivyo tu. Maneno machache."

"Ulikuwa na mtihani."

"Usinihurumie kwa Kiswahili," alijibu. Sikuelewa alimaanisha nini.

*

Tulikwenda msibani pamoja. Wanawake walikuwa wameketi kwenye majani makavu ya migomba, tukapewa nafasi pembeni. Walizungumza kwa lugha yao, wakitutazama waziwazi kama watu wanavyowatazama wageni wasioelewa. Mmoja alisema kitu kwa hasira, mwingine akaongeza. Kisha bibi wa marehemu akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, polepole, mkono wake ukituelekea, na wale wengine wakanyamaza mmoja mmoja. Nilimwangalia Madam. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imebanwa. Nilifikiri ni aibu ya kutazamwa.

Tulipoaga, baba alitusindikiza hadi barabarani, kama desturi inavyotaka. Tukasimama. Akamuuliza Madam, "Umeileta?"

"Nini?"

"Ile."

"Hapana."

"Sawa," alisema, akageuka kurudi kwa watu wake.

Baada ya hapo ilikuwa kama ninaishi karibu na mtu mwingine. Mikono aliendelea kuinawa, lakini sasa maji yalimwagika, yakanyamaza, yakamwagika tena. Akifundisha mwili wa binadamu alisema "mwili wa mtu." Akikuta neno "binadamu" kitabuni, aliliruka, na wanafunzi kwa kuwa ni wanafunzi waligundua, wakaanza kumuuliza maswali yenye neno lenyewe ili waone atafanya nini. Hakuwaadhibu. Siku moja msichana wa kidato cha kwanza alikuja darasani amefungwa kitambaa shavuni, jino lake limeoza, hakuna zaidi. Madam aliweka chaki mezani, akatoka, na tulimkuta amekaa kwenye ngazi za maabara, ameacha nafasi pembeni yake kama anayemwachia mtu.

"Amekaa hapa," aliniambia. "Kila siku nikifungua mlango yupo. Hasemi kitu. Ananingojea nimalize mtihani."

Mimi si mtu wa kuamini mizimu, na yeye pia hakuwa. Lakini tangu siku hiyo nilipokwenda maabara niliacha kukanyaga ngazi ya katikati, na mpaka leo sijui kwa nini nilifanya hivyo kwa heshima kubwa namna ile.

Na jioni, wakati wa kupika, nilianza kusikia sauti yake kupitia ukutani. Alikuwa akizungumza. Si kuimba, si kusali, alizungumza kama mtu anayemweleza mwenzake jambo, akikatiza, akirudia, akianza upya. Maneno sikuyapata, ukuta uliyameza. Nilijua si Kiswahili wala Kiingereza. Nikasema basi, ni ile lugha ya nchi ya baridi, mwenzangu anaota akiwa macho.

*

Likizo iliyofuata nilikuwa na semina Kasulu. Alipojua, alinijia kesho yake, akasema, "Nitakupeleka kwetu."

Tuliteremka kwenye bodaboda Heru Juu, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye shamba la maharage mpaka mlangoni. Mwanamke mzee sana alitoka akiegemea fimbo, akamshika Madam mashavu kwa mikono miwili, akaanza kumwaga maneno. Kirundi. Hata mimi kwa muda wote niliokaa kule nilikuwa nimejifunza kukitambua. Madam alimjibu kwa Kiswahili: shikamoo mama, mmeamkaje, huyu ni mwalimu mwenzangu. Wakaendelea hivyo, mama kwa lugha yake, binti kwa yake, wala hakuna aliyekosa hata neno moja la mwenzake.

Chakula kilipokuwa jikoni mama aliniambia, kwa Kiswahili cha kutafuta neno kwa neno, "Huyu, mwanangu, alikataa lugha. Baba yake alimwambia. Tulipofika, watoto shuleni walimwita mukimbizi, walimwita hivyo kila siku. Halafu walikuja watu kuuliza nani ni nani. Baba yake akasema, ukiwa barabarani usifungue kinywa, watatukamata kwa ulimi wako. Alikuwa mutoto. Akashika. Makaratasi tulipata. Baba amekufa zamani. Yeye bado ameshika."

Nilitoka nje. Madam alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Unakijua," nilisema.

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Kwa hiyo yule bibi siku ile, ulipomuuliza wamekwenda wapi..."

"Angenielekeza. Kijiji, njia, jina la mganga. Alikuwa anajua kila kitu. Nilisimama mbele yake na maneno yote mdomoni, nikamuuliza kwa Kiswahili. Mara mbili. Halafu nikapanda bodaboda."

"Na msibani?"

Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

"Nilisikia yote."

"Walisema nini?"

"Yule wa kwanza alisema mimi ndiye niliyemnyima mtoto umuti. Mwingine akasema nilaaniwe, nisizae. Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Ni bibi. Bibi aliwakataza. Alisema, muacheni. Yeye ni mgeni, hajui lugha yetu. Mtoto wetu alikuja kwake, na yeye hakuelewa tunachosema. Angeelewa angetusaidia. Msimlaani mtu ambaye hakuelewa."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya maharage. Mama yake aliita kutoka ndani kwamba chakula kiko tayari. Madam akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, na kitu kikatoka, neno fupi, "Ego, mama." Ndiyo, mama. Ndani kijiko kilianguka. Hatukuingia mara moja. Tulimsikia mzee akilia, na tukamwacha alie.

Ndipo nilipojua alikuwa akimweleza nani kule jikoni kwake, jioni baada ya jioni, akikosea na kuanza upya. Alikuwa akifanya mazoezi ya yale maneno machache ambayo hakumwambia yule baba.

*

Nilihamishiwa Kasulu, nikaolewa huko, tukawa tunasalimiana kwa simu siku za sikukuu. Nilisikia amestaafu mapema. Nilisikia pia mambo ambayo sikujua niyaamini vipi, kwamba anazunguka vijijini, Muyama, Kumsenga, hadi kwenye kambi za wakimbizi, akiangalia mataya ya watoto, akiingia nyumba za watu bila kualikwa. Wengine walisema amechanganyikiwa.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu hospitali, malaria. Kwenye benchi la nje nilisikia mtu anacheka. Cheko lile lilikuwa la chini, la haraka, nikageuka kwa sababu nililijua na sikulijua. Madam alikuwa amekaa na mwanamke kijana kutoka kambini, mvulana mdogo amelala mapajani mwa mama yake, taya limevimba kiasi cha ndimu. Walikuwa wakizungumza Kirundi. Uso wake wote ulisogea alipozungumza, nyusi, mikono, mabega, na sauti ilipanda na kushuka. Nilisimama pale na mwanangu mkononi nikimtazama mtu ambaye nilikuwa nimeishi naye ukuta kwa ukuta, na sikuwa nimewahi kukutana naye.

Aliponiona akanyanyuka. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe.

"Mswahili wangu," alisema. "Umekaa hapa masaa mangapi?"

"Saa," nilimwambia. "Saa ngapi."

"Siku hizi sisahihishi wala sisahihishwi."

Aliniambia wanangoja gari la kwenda Mwanza. Ameshakwenda na wengine, wapo waliorudi wanacheza mpira, wapo wasiorudi. Huyu amewahi. Uvimbe bado mdogo, jicho zima. Alimgusa mvulana paji la uso kwa mgongo wa mkono, akamwambia mama yake kitu, na yule mama akatabasamu.

Gari lilifika. Aliwapandisha, akawafunika blanketi, akarudi kuchukua mkoba wake. Nilimuuliza kuhusu watu wa Kumsenga. Bibi alikuwa amekufa, alisema, kabla hajapata ujasiri wa kwenda kwake. Baba yupo. Amepata mtoto mwingine.

"Umewahi kuzungumza naye?"

"Nasali kanisani kwao siku hizi. Kila Jumapili namsubiri mlangoni. Nimeshamweleza yote, kwa Kirundi, kuanzia mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho."

"Akasema nini?"

Dereva alipiga honi. Madam alikuwa tayari ameweka mguu mmoja garini, mkono umeshika mlango.

"Mimi namwambia *amahoro*, amani," alisema. "Yeye ananijibu, 'Shikamoo, Madam.'"